Tulipofikia Mtaa wa Zamani wa Kasongo

Niliondoka Kabambare kwa sababu ya Furaha, mke wa mwanangu. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni, na muuguzi wetu akasema mara hii akazalie Kasongo, penye daktari wa kupasua. Mwanangu alikuwa machimboni, kwa hiyo nikamsindikiza mimi.

Asubuhi tulipanda pikipiki mbili. Hadi kijiji cha Lusangi sikuangalia kitu ila mgongo wa Furaha mbele yangu, ukiyumba matopeni. Kila pikipiki iliyochomoza porini nilidhani ni watu wenye silaha.

Kasongo tulifika jua likiinama. Pembezoni kulikuwa na nyumba mpya ya wageni, yenye ukuta mrefu. Katikati ya mji, karibu na hospitali, kulikuwa na chumba kwa Mama Zaina, mjane Mwislamu wa mtaa wa zamani. Kwetu husemwa mtaa ule ulijengwa na wauza watumwa, na kwamba minyororo bado inalia chini ya sakafu. Niliuchagua kwa ajili ya hospitali tu. Niliingia nikisali kimoyomoyo.

"Mama, unaogopa nyumba yangu?" Mama Zaina aliniuliza.

"Naogopa maneno yenye watu wanasema."

"Bibi ya baba yangu alifungwa na ile minyororo. Leo sisi vitukuu vyake ndio wenye hii nyumba."

Hata hivyo nililala nimemshika Furaha mkono.

Mchana mmoja risasi zililia upande wa sokoni. Watu walikimbia, milango ikafungwa. Papo hapo Furaha akashika tumbo, maji yakamwagika. Nilishindwa hata kumfunga kitenge.

"Tukitoka barabarani watatuua!" nililia.

"Nani amesema barabarani?" Mama Zaina alifungua mlango wa uani. "Huku nyuma nyumba zetu zote ziko na milango. Tutapita kwa majirani."

Vijana wawili wa jirani walimbeba Furaha kwenye kiti. Ua hadi ua tulipokewa na watu nisiowajua, kila mmoja akitufungulia mlango. Mwishoni ilibaki barabara moja ya kuvuka. Nilivuka nimefumba macho, nikiongozwa kwa mkono na Mama Zaina.

Hospitalini Furaha alipasuliwa. Nilikaa sakafuni hadi muuguzi alipotoka.

"Mama, mutoto iko muzima. Mama yake pia."

Risasi, tuliambiwa baadaye, zilikuwa za kumfukuza mwizi.

Kidonda kilipopona tulirudi Kabambare, mtoto kifuani pangu, nikiogopa kila kona. Njia ile sijaizoea na sitaizoea. Ila mtu akiniuliza afikie wapi Kasongo, namtuma mtaa wa zamani, na namwambia siku ya kwanza apite akawasalimie majirani.