Kapiteni na Sindano ya Pasaka

Mwanangu Aline, tangu uliponipigia simu jana kutoka Kigali, ukaniambia farasi unayemtunza anachechemea na mwenye farasi anataka umchome sindano ya maumivu ili Jumapili aruke vizuizi, siku moja ya Masisi, kule Kongo, imenirudia yote. Hata chai imenipoa hapa Kamembe.

Unanijua. Niliishia darasa la nne, na leo malori yangu matatu yanavuka mpaka pale Rusizi II kila siku, wala hakuna aliyenishika mkono. Kujisifu nimezoea. Ila hili sikumwambia hata mama yako.

Nilikuwa kijana wa umri wako, mchunga ng'ombe kwenye shamba kubwa huko milimani, na tulichunga juu ya farasi. Wangu aliitwa Kapiteni, mwekundu, mpenda maganda ya ndizi. Kila Pasaka wachungaji wa mashamba jirani walishindana mbio, na mimi nilikuwa nimeshatangaza kote kwamba mshindi anajulikana. Mdomo nilikuwa nao tangu zamani.

Mkuu wetu, Mzee Bahati, alikuwa na desturi yake. Kabla ya mbio kila farasi alitembezwa kwenye barabara ya mawe, naye mzee amefumba macho, akisikiliza kwato. Kishindo kimoja kikiwa chepesi kuliko vingine, farasi huyo anabaki malishoni.

Asubuhi hiyo Kapiteni alikuwa anaukwepa mguu mmoja wa mbele. Nikafungua sanduku la veterineri, yule daktari wa mifugo, nikachukua dawa ya maumivu, nikamchoma. Alipopita mbele ya mzee, kwato zote nne zilisikika sawasawa. Mzee akatabasamu, akanipapasa begani. Mkono ule bado unanielemea.

Tuliongoza mpaka mteremko wa mwisho. Hapo mguu ukamlegea, tukaanguka wote wawili. Mimi niliinuka na michubuko. Yeye alisimama kwa miguu mitatu na, kwa sababu dawa ilikuwa bado inafanya kazi, akataka kuendelea kukimbia. Hilo ndilo linaloniliza, mwanangu.

Mzee Bahati akaja, akaushika ule mguu, nami nikamwambia ukweli. Hakupandisha sauti.

"Farasi alikuwa anakuambia, mutoto yangu. Weye ukamufunga kinywa."

Kapiteni alipona, lakini hakupandwa tena. Kila nilipompelekea maganda yake ya ndizi alinijia akichechemea, bila kinyongo chochote. Afadhali angeniuma.

Basi sikia. Dawa si mbaya. Mpe, alale, apone. Ubaya ni kumpa ili akimbie juu ya kidonda asichokisikia. Wewe ukiumwa unanipigia simu. Yeye hana ila huo mguu wa kusemea. Mwambie bosi wako, kwa heshima na bila kuzungukazunguka, kwamba huyu Jumapili anabaki bandani. Akikufukuza, panda basi uje nyumbani. Papa wako si muntu mudogo hapa Rusizi, kazi haitakosekana, na maharage ya mama yako yapo motoni.

Mungu aibariki mikono yako, Aline. Kila mnyama atakayeguswa nayo asiogope, na wewe uweze kumtazama machoni siku zako zote.