Sufuria Mpya za Pikiniki

Jumamosi niliingia duka la vyombo hapa Masuguru kununua kijiko kimoja, nikakaa saa nzima. Jirani yangu, yule mama maarufu kwa kukaanga kitimoto, nyama ya nguruwe, alikuwa anachagua sufuria mpya, sahani mpya, hotipoti mpya, mpaka mwiko.

"Unafungua hoteli, mwanangu?" nikamchokoza.

"Shikamoo, bibi. Ni pikiniki. Kesho wakwe wanakuja kutoka Sindeni, tunakwenda kula mtoni."

Wakwe zake ni Waislamu. Tangu watoto waoane, mama wa binti hajaonja kwake hata maji.

"Na nyama je?"

"Ni kuku, atachinja mzee jirani yetu, Mwislamu mwenzao. Na nitapika uani kwake, kwenye jiko lake. Kwangu hakipiti hata kijiko." Akainua sufuria, akainusa, ingawa ilikuwa mpya, bado na karatasi yake.

Kesho yake nikajialika, mnanijua. Jua kali, lakini alishatafuta kivuli, ametandika mkeka, na maji ameyagandisha kwenye chupa tangu jana. Kabla ya kupakua akamweleza mgeni wake, mama wa binti, yote: nani kachinja, wapi kapika, vyombo kanunua lini. Akabaki amesimama na upawa mkononi.

Mgeni akanawa, akasema "Bismillahi," akala tonge la kwanza. Kisha akasogea kidogo mkekani.

"Mkwe, mbona umesimama? Kaa hapa, tule sahani moja."

Harusi ya watoto bomani niliisengenya wiki nzima. Hii ya mama zao nimekosa pa kuanzia.