Haki ya Kusikia Foni

Mwajiri anayetaka kujua watumishi wake wanahitaji nini huwaita mkutanoni na kuwauliza. Njia hiyo ni ya haki, lakini ina kasoro moja: mwanamume wa milima ya Masisi hatamki hofu ya nyumbani kwake mbele ya wenzake. Kasoro hiyo niliielewa barabara nilipokuwa msimamizi wa wafanyakazi katika shirika dogo la mbegu, lenye ofisi Masisi-kati na kituo kimoja Pinga, upande wa Walikale, ambako mtu hufika kwa pikipiki tu, na si kila siku.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mwema. Alituita akatuuliza ni nini kingetupunguzia uzito wa kazi, kisha, kwa kuwa hakuna aliyefungua kinywa, akajibu mwenyewe: magodoro mapya kituoni, mapumziko baada ya kila safari, na mshauri wa kutoka mjini atakayekuja kutusikiliza. Tulipiga makofi. Nikauliza kama tungeweza pia kuwajulisha wa nyumbani pindi msafiri anapofika. Agronomu wetu, mtaalamu wa mazao mwenye zamu ya Pinga, akacheka kabla ya wote.

"Papa, bibi yangu ajue nimefika? Akijua siku ya kufika, atajua na siku ya kurudi! Utaniua!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mkurugenzi akalifunga jambo hilo kwa kutukumbusha kanuni: safari za watumishi hazisemwi kwa mtu wa nje. Kanuni hiyo haikuwa ya kipumbavu. Katika barabara zetu, anayejua saa ya kupita kwa msafiri ana kitu cha kuwauzia wenye bunduki. Lakini mke alihesabiwa kuwa mtu wa nje, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wiki iliyofuata agronomu akaondoka kwenda Pinga. Jioni kituo kilituita kwa redio ya mawasiliano, ile tuiitayo foni, kikasema kuwa hajafika na kwamba milio ya masasi, yaani risasi, imesikika njiani. Hatukumwambia mtu.

Kwetu, chakula cha msafiri huwekwa kando, wala hakiliwi na yeyote mpaka habari ya kufika kwake isikike. Sahani ikikaa hadi asubuhi, watoto huacha kuuliza. Asubuhi iliyofuata mke wa agronomu, mwanamke wa Kingi, alisimama langoni mwa ofisi, miguu imelowa umande hadi magotini. Nilimsikia akisemezana na mlinzi.

"Mama, rudia nyumba. Papa iko ku kazi."

"Ku kazi wapi?"

"Sina ruhusa ya kusema."

"Wewe unajua njia ya bwana yangu, mimi siijui? Nani analala naye, ni wewe?"

Mlinzi alitaka kucheka, akashindwa.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani, macho langoni.

"Ukimwingiza mmoja," alisema, "kesho wataingia wote."

"Tusipomwingiza, atauliza kwingine. Ametoka sasa hivi kwenye maegesho ya pikipiki. Amewauliza madereva wote: ni nani aliyembeba bwana yangu, na waliondoka saa ngapi. Siri tunayoilinda hapa, Mukubwa, inaulizwa sokoni kwa sauti kubwa."

Hilo hakuwa amelifikiria. Nilimwona akilipima: ukimya uliowekwa ili kumlinda mtumishi ndio uliomsukuma mkewe kuitangaza safari yake. Hatimaye akasema, "Mlete. Asimame kando, asiguse kitu."

Chumba cha foni kilikuwa chembamba. Tukasimama, mkurugenzi akiwamo, karibu hata kila mmoja akawa anasikia pumzi ya mwenzake. Mwanamama anayeendesha chombo hicho akabonyeza kitufe.

"Pinga, Pinga, hapa Masisi. Unanipata?"

Mkwaruzo tu. Akarudia. Sauti ikatoka, hafifu: "Masisi, nakupata. Ngoja."

Kisha ukimya. Mke wa agronomu alikuwa ameushika ukingo wa meza, na nikaona kucha zake zikigeuka nyeupe.

"Masisi, agronomu ameingia sasa hivi, kwa miguu. Daraja ya miti ilivunjika, pikipiki ilibaki ngambo. Huyu hapa."

Mkewe akaketi sakafuni bila kutafuta kiti. Mwendesha foni, pasipo kumwomba mtu ruhusa, akamwinua na kumtia kinasa sauti mkononi. "Bonyeza pa kusema, Mama. Achilia pa kusikia."

"Papa wa batoto, uko muzima?"

"Niko. Mama! Nani alikuingiza mu biro ya shirika?"

"Nilijiingiza. Ulilala wapi?"

"Nililala muzuri tu."

"Unasema kweli, ao unanidanganya juu bantu banasikia?"

Mkwaruzo ulirudi, mrefu. Nilidhani tumempoteza. Kisha yule aliyetuchekesha mkutanoni akasema, polepole, huku akijua vema kwamba tulikuwa tukimsikia:

"Nililala mu shamba ya muhogo. Masasi ilikuwa inapita juu. Nilikuwa na woga mingi, Mama. Nilikuwa nawaza: hata nikifa, hautajua ni siku gani."

Hakuna aliyecheka. Mkewe alikishika kinasa mdomoni bila kubonyeza kitu, kisha akabonyeza. "Sasa najua," alisema. "Kula. Ukimaliza kula, ulale."

Alikirudisha chombo mezani kwa uangalifu, kana kwamba ni yai, akamgeukia mkurugenzi.

"Mukubwa, kesho nirudie saa gani?"

Mkurugenzi hakunitazama mimi. Alimtazama mwendesha foni, ambaye naye alikuwa ameinamia vitufe vyake.

"Saa ya foni ya jioni," alisema. "Njoo mapema kidogo. Na wake wa wengine walio Pinga, waambie nao waje. Ila njiani msiulize mtu."

"Bako hapa tayari, Papa," mama akajibu. "Bananingojea inje."

Nikatoka kwenda kumwambia mlinzi awafungulie.