Aliyeokota Uyoga Anaonja wa Kwanza

Ondoa kwanza hiyo pakiti mezani pangu, mwanangu, halafu ukae. Nimesikia unataka kumuuzia jirani yetu Mama Furaha huo unga wa uyoga, tena umemwambia akiutumia ataweza kuacha vidonge vya kifua kikuu. Nani alikufundisha maneno hayo? Usinijibu. Leo nasema mimi.

Kuna Jumapili moja hainitoki kichwani. Tulikuwa bado wageni hapa kambini Nakivale, mimi na mdogo wangu Riziki, huyu huyu mama yako mdogo. Alikuwa amekonda kwa kifua kikuu, anameza vidonge kila asubuhi. Na kwa kuwa tulikuwa tunaotesha uyoga kwenye kibanda cha udongo, juu ya maganda ya maharage, nilimpikia uyoga na bugali karibu kila siku. Akaanza kurudisha mwili, kikohozi kikapungua, tukamshukuru Mungu.

Basi Jumapili hiyo tunatoka kanisani, tukamkuta bwana mmoja kutoka mjini Mbarara, koti safi, mkoba begani. Akamwambia Riziki, "Mama, hii unga ya uyoga inapandisha kinga ya mwili sana. Hizo vidonge wacha. Zinakusumbua tumbo bure."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; hilo tulilijua. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Riziki alivichukia vile vidonge kwa sababu vilimtapisha. Akavitupa chooni, akawa anakoroga unga kwenye uji, na kwa muda alimsifu yule bwana kila fasi anapokwenda. Hakujua kwamba nguvu aliyokuwa nayo ilitokana na vidonge alivyokwisha kumeza. Kisha kikohozi kikarudi, safari hii na damu.

Yule bwana aliporudi na mkoba wake, alimkuta Mama Asende uani. Huyo alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke wa Fizi, kule Kongo, ndiye aliyenifundisha mambo ya uyoga tangu kwetu. Na kwetu, mwanangu, uyoga una sheria, maana mwingine ni sumu: aliyeuokota msituni ndiye anaonja wa kwanza, mbele ya wote, wengine wanangoja. Akikataa kuonja, chungu kinamwagwa, hata awe nani.

"Wewe ndiye ulileta huu uyoga," Mama Asende akamwambia. "Onja wa kwanza."

Bwana akacheka, akachota unga kwa kidole, akalamba.

"Hapana, si vile. Mutoto wako akikohoa damu kama huyu wetu, utamupa hii unga na kumukataza dawa? Apa kiapo hapa, mbele ya hawa batu."

Bwana akaangalia viatu vyake. "Lakini mama," akasema, "mtoto wangu mimi napeleka hospitali."

Jamani! Mpaka leo nikilirudia neno hilo damu inanichemka. Wake hospitali, wetu unga! Kwa nini, kwa sababu sisi ni wakimbizi? Mama Asende akauchukua ule mkoba, akamwaga pakiti zote kwenye matope, akamfukuza kwa mwiko wa bugali mpaka barabarani. Mimi nikawafuata nyuma, namtukana yule bwana kwa Kibembe, lugha yetu. Mungu anisamehe, ingawa sijajuta.

Riziki tulimpeleka Mbarara. Ugonjwa ulikuwa umekomaa, umeizoea dawa, vidonge peke yake havikutosha tena, ikabidi adungwe sindano kali, miezi na miezi. Alipona. Lakini zile sindano zilimwachia uziwi. Wewe ulidhani alizaliwa hivyo? Kila siku unamvuta mkono ndiyo akutazame, na hujawahi kuuliza. Angemaliza vidonge vyake vya kwanza, asingezihitaji sindano zile. Amekubeba mgongoni, amekuogesha, na sauti yako hajaisikia hata mara moja.

Usinioneshe maandishi ya pakiti. Uyoga siutukani mimi, umenilea na bado nauotesha. Nesi mmoja alinieleza kwamba ndani yake mna vitu, kimoja wanakiita beta-glukani, vinavyosaidia kuamsha askari wa mwili, na wataalamu bado wanavichunguza. Vizuri. Pale Mbarara kuna kambi ya jeshi. Umewahi kuona askari anaamshwa, anashibishwa, halafu anapelekwa vitani mikono mitupu? Uyoga ni chakula cha huyo askari. Bunduki yake ni vidonge.

Sasa nisikilize. Chakula kiite chakula, na dawa iite dawa. Mgonjwa usimnyang'anye dawa yake kwa maneno matamu, maana anayeumwa anaamini haraka, na wewe hutakuwepo akianza kutema damu. Na jambo ambalo huwezi kumpa mtoto wako mwenyewe, usimpe mtoto wa mwenzako. Hiyo ndiyo sheria ya uyoga, na ni sheria ya kila kitu.

Haya, inuka. Nenda kwa Mama Furaha sasa hivi, umwambie ulimdanganya, ameze vidonge vyake mpaka daktari mwenyewe aseme basi. Chukua kikapu kile cha uyoga mbichi, umpikie, na uonje wewe kwanza, yeye anakuangalia. Ukirudi, hasira yangu itakuwa imepoa. Mungu akupe mikono inayolisha, akupe mdomo usioua mtu. Na siku watoto wako watakapokuita, mwanangu, uwasikie.