Nilivyopanguza kioo cha spectroscope huko Njoro

Habari zenu wakuu. Nimeona vijana wakiuliza kama mtu anaweza kujitengenezea spectroscope, kile chombo cha kupasua mwanga kuwa rangi. Anaweza. Mimi nilisaidia kuunda moja, na hapa siongezi chumvi. Typos mnivumilie, macho ni ya zamani.

Ilikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau. Nilikuwa fundi kwa shamba la ngano Njoro, na mzungu mwenye shamba alikuwa na wazimu wa nyota.

Hiyo kitu inafanya hivi: mwanga wa jua unapita kwa mwanya mwembamba, unapiga kioo kilichochorwa mistari maelfu, unatawanyika rangi rangi. Ndani ya rangi kuna mistari myeusi. Kwa manjano iko miwili imekaribiana sana. Kifaa kikiwa ovyo, unaona mmoja tu.

Mwanya niliunda mimi, na nyembe mbili za kunyolea. Wiki nzima bwana ananiambia "bado", narudia. Nilijivunia sana, sitaficha.

Kioo kilitoka ng'ambo kwa meli. Siku ya kukifunga nikaona kina vumbi la ngano. Sasa mimi nilikuwa nimefunzwa chombo cha mzungu hakikai na vumbi. Nikapanguza na kitambaa.

Wueh! Kumbe hicho kioo hakiguswi hata na kidole, mistari inaharibika. Nani angeniambia?

Bwana alichungulia, akaona ukungu. Halafu akamwita mpishi, Mzee Barasa, kwa sababu ndiye alikuwa anafagia hicho chumba.

"Nani nagusa kioo?"

Barasa akaapa si yeye. Akaambiwa afunge mizigo.

Mimi nimesimama hapo tu. Mkikuyu bila mwajiri siku hizo alikuwa anatupwa kwa lori mpaka reserve, ile ardhi tuliyotengewa na serikali, na bibi yangu alikuwa mjamzito. Lakini nikamwona Barasa anaelekea mlangoni kwa kosa langu.

"Ni mimi, bwana."

Nikapewa mpaka jioni niwe nimeondoka. Kabla nitoke nikaomba nichungulie mara moja. Akasita, akanipisha. Rangi zilikuwa na ukungu upande mmoja.

"Naona mistari miwili, bwana."

"Ndio. Mwanya mzuri," akasema, akafunga mlango.

Funzo: kifaa hukijui, uliza kwanza, hata kama utaonekana mjinga.

Watu huniuliza kama najuta kusema ukweli. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa huko reserve kwa baridi na njaa, akaishi siku tisa.

Nyinyi mngesema? Andikeni hapo chini, na msinionee huruma.