Sare za Kwaya na Beseni la Shangazi

Mwanangu, iko asubuhi moja ya Chala ambayo nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu. Kaa hapa nikusimulie, maana umeanza kazi juzi tu na haraka yako naijua, niliwahi kuwa nayo.

Nilikuwa binti mdogo, najifunza ushonaji kwa Shangazi Oresta mjini Sumbawanga. Kwaya yetu ikaalikwa Chala kuimba kwenye misa ya kwanza ya padri kijana, mzaliwa wa huko. Magauni ya akina mama nikapewa mimi. Suruali za wanaume akapewa Fundi Zeno wa sokoni, hodari wa cherehani na hodari zaidi wa kujisifu. Shangazi alinieleza wazi kwamba magauni yakipendeza nitabaki kwake kama fundi, yakiharibika nitarudi kwa baba kulima ulezi. Na mimi ulezi sikuutaka hata kidogo.

Kitambaa kilipofika, pamba tupu ya rangi ya samawati, nikakimbilia mkasi. Shangazi akaweka kiganja juu yake, akauliza kama nimekiloweka. Nikamjibu kwamba siku zimebaki chache, mvua hazikatiki, kitakauka lini? Tena Zeno alishaanza kushona.

"Babu yangu alikuwa mfumaji kule bondeni Rukwa," akasema. "Uzi wa pamba huvutwa sana unapofumwa. Ukipata maji unalegea, unarudi ufupi wake wa awali. Basi urudie kwenye beseni langu, usirudie mwilini mwa mtu."

Nililoweka kwa hasira, machozi yakidondokea humo humo kwenye maji, ambayo shangazi aliyatia chumvi ili rangi isichuje. Tukaanika ndani, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, jiko la mkaa katikati, nikawa nageuza kitambaa kama anayegeuza mahindi ya kuchoma. Mwenyekiti wa kwaya akaja kutazama magauni, akakuta vitambaa vinadondosha maji. Akataka avipeleke vyote kwa Zeno. Nilimtazama shangazi anisemee, naye akajifanya anatafuta sindano. Basi nikasema mwenyewe.

"Baba, kikitoka hapa hakijakauka, watakaoaibika ni mama zetu. Niachie. Nisipomaliza, mimi ndiye wa kulaumiwa."

Akaondoka akinung'unika. Kilipokauka nikakata, nikashona hadi vidole vikafa ganzi. Vifungo vya mwisho nilivishonea juu ya lori, njiani kwenda Chala.

Na humo njiani mvua ikatukuta. Turubai lilikuwa limechanika, tukafika tumelowa sote na mizigo yetu. Wenyeji wetu, Mungu awabariki, wakawasha moto, tukatandaza sare zikauke.

Asubuhi akina mama wakavaa. Magauni yakashuka hadi kwenye vifundo vya miguu, sawasawa na nilivyoyapima. Kisha wanaume wakatoka. Mwanangu, suruali zilikuwa zimepanda karibu nusu ya miundi! Mzee mmoja wa besi alikuwa anaivuta yake chini, akiiachia inapanda tena. Zeno naye, maana alikuwa mwimbaji, aliimba misa nzima amejificha nyuma ya ngoma. Shangazi, ambaye kucheka kwake kulikuwa nadra, alifuta macho kwa kitenge. Tulipotoka kanisani akanishika bega.

"Kuanzia kesho cherehani ya dirishani ni yako," akasema.

Nilifurahi, siwezi kukuficha. Niliimba njia nzima ya kurudi. Zeno naye hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe kuuliza habari za chumvi, na tangu hapo hakukata tena pamba isiyolowekwa.

Sasa juzi mjukuu wangu Skola, anayesomea mambo ya nguo, amekuja hapa Izia na fulana ya ajabu. Ndani yake kuna nyuzi zinazopitisha umeme, na kifuani taa ndogo inayowaka kwa kufuata mapigo ya moyo. Anataka wauguzi wawavishe wagonjwa. Akanivisha mimi. Nikamuuliza swali moja tu, kama ameifua.

"Bibi, nimefua mpaka mikono imechubuka," akacheka. "Kwa sabuni ya mche. Mbili za mwanzo zilifia kwenye beseni. Hii imekataa kufa."

Taa ikaanza kuwaka na kuzima, polepole, kisha mbiombio. Skola akashtuka, akauliza mbona moyo unakimbia. Nikamwambia aache tu, ni shangazi yangu huyo anashangilia.

Basi shika hili, mwanangu. Kazi yako, iwe gauni, iwe ya nyuzi za umeme, itie majini kwako kabla hujamvisha mtu. Anayekuharakisha msikilize kwa adabu, lakini mkasi ushike wewe. Mungu aitie nguvu mikono yako, na siku mvua itakapokukuta njiani na kazi yako, ufike ukiwa umelowa, ukaivae asubuhi mbele ya watu wote, na ikutoshe.