Kalkuleta Iliyoanikwa na Dagaa

Plastiki iliyokaa juani muda mrefu ina harufu yake, kali kidogo, inayoshika kooni. Juzi niliinusa tena Mwandiga, nilikoitwa kufunga paneli za sola kwenye shule iliyopewa vishikwambi vya kufundishia sayansi. Watoto walikuwa wakigusa kioo, picha ya moyo inadunda, wanapiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa nimechoka, nimeketi juu ya boksi la betri, na mawazo yangu hayakuwa pale. Yalikuwa ufukweni mwa ziwa, Kibirizi, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi.

Nilikuwa mtoto, tulikaa mtaa wa Katubuka. Mama alinunua dagaa wabichi na kuwaanika mchangani Kibirizi. Mwalimu Melkiori na binti yake Spesi walipata hifadhi kwetu, chumba cha uani, kwa sababu Kirundi chake na Kiha cha mama vilisikilizana, na kwa sababu mama hakujua kumfungia mtu mlango. Kwao Mwalimu alikuwa amefundisha sayansi. Vyeti viliungua pamoja na nyumba. Alichotoka nacho ni kalkuleta ndogo mfukoni mwa shati, isiyotumia betri.

Ninyi mliokulia na simu mtanicheka, lakini kwetu ile ilikuwa ajabu. Ukiziba kwa kidole kile kidirisha cheusi cha juu, tarakimu zilififia zikapotea. Ukiondoa kidole, zikarudi. Mwalimu hakutueleza lolote. Alitukabidhi tu, akasema, "Niambieni inakula nini." Tukahangaika nayo: chini ya kitanda, kando ya kibatari, mbele ya karabai ambazo wavuvi walizijaribu kabla ya kwenda ziwani. Kijana wa jirani akaapa kwamba ina jini. Mwalimu akamuuliza jini hilo linapenda kibatari au karabai, na kwa nini. Kila jibu alilipokea kwa swali lilelile, kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mmeona, au mmedhani?"

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine yote nimeyasoma mwenyewe, na kila nilipokwama nilijiuliza swali hilo.

Kisha likaja tangazo: wakimbizi wote waliokaa mitaani wahamie kambini. Jioni moja nilimsikia Mwalimu akizungumza na mama jikoni.

"Huko wanatafuta walimu," alisema. "Asiye na cheti atafundisha somo moja mbele yao, wamwone."

"Na wasipokukubali?"

"Nitapanga foleni ya unga kama wengine, nikae." Akapapasa mfuko wa shati. "Lakini nitafundisha mwanga, Mama Yusta. Huyu ndiye msaidizi wangu."

Spesi naye alikuwa na hofu yake. Mvua zilikaribia, na alikuwa amesikia kwamba ndani ya hema ni giza mchana kutwa. Msaidizi wa baba yake angekula nini? Siku ya kuamkia safari tulipokuwa tukimsaidia mama ufukweni, alisimama na dagaa mkavu kiganjani, akamtazama kwa muda.

"Yusta, huyu amekula jua siku mbili, na atakaa miezi bila kuoza. Tuianike na kalkuleta. Ishibe kabisa."

Sikuona kasoro. Hata leo nikiipima hoja ile, kwa mtoto aliyekuwa na kalkuleta na dagaa tu, ilikuwa hoja nzuri. Mwalimu alikuwa ametuachia kalkuleta siku hiyo, tukailaza kwenye mchanga mkavu katikati ya dagaa. Wanawake waliokuwa wakianika wakaiona.

"We Spesi, samaki gani huyo hana mkia?"

"Wa Bujumbura, mama."

"Ndiyo maana hata hanuki! Basi mgeuzeni, ataungua upande mmoja."

Wakacheka, nasi tukamgeuza, kama anavyogeuzwa dagaa yeyote, kila mara upande mmoja ulipopata moto. Kufikia saa saba mchanga ulikuwa haukanyagiki. Spesi alipoiokota, ilimuunguza vidole, na plastiki yake ilinuka ile harufu kali. Kioo chote kilikuwa cheusi. Tukaiweka kivulini, tukaipepea kwa ungo. Ikapoa. Weusi haukuondoka.

Baadaye sana nilisoma kwamba kioo cha aina ile kina kimiminika ndani yake, nacho joto likizidi huharibika. Na kwamba kidirisha kile hakiweki akiba yoyote. Hutoa kadiri kinavyopokea, basi.

Tulimkuta Mwalimu uani akifunga mizigo. Spesi alimpa kalkuleta. Akaigeuza huku na huku, akaziba kidirisha kwa kidole, akaondoa kidole. Akarudia.

"Mlitaka kujua nini?"

"Kama inaweza kuhifadhi jua, Papa. Kama dagaa."

"Na sasa? Mmeona, au mmedhani?"

Spesi alikuwa akilia. "Tumeona. Haihifadhi."

Mama alishika kichwa. "Mwalimu, nikuchapie watoto hawa?"

"Waache, Mama Yusta. Wamefanya nilichowafundisha." Akairudisha kalkuleta mfukoni mwa shati. "Jaribio limefanyika vizuri. Jibu ndilo hatukulipenda."

Akaomba maji. Akaketi juu ya mzigo wake, ameuelekea ukuta, kikombe mkononi, na hakuyanywa. Nilidhani amechoshwa na kazi ya kufunga mizigo. Nilifurahi hata, kwamba tumeponea fimbo.

Asubuhi gari liliwachukua. Kama alifundisha somo lile, na kwa kitu gani, sikupata kujua. Wala kama walimkubali.

Nimekuwa mtu mzima, nimeharibikiwa na vyombo vyangu na vya watu, na ninajua jinsi ulimi unavyowahi kufoka. Ndipo nilipoelewa uzito wa yale maneno machache. Mtu yule alikuwa amepoteza kitu cha mwisho kilichoweza kumtetea, na kwa nguvu kidogo iliyombakia alihakikisha binti yake haogopi kuuliza tena.